Eirlys Posta alivyompatia bintiye bima ya kujifunzia gari

Saa kumi na mbili kasorobo alfajiri, Eirlys Prosser anapanga barua kwenye visanduku vya mbao katika ofisi ya posta ya Llanfedwen, mji mdogo wa bondeni katikati ya Wales. Mikono yake inakwenda yenyewe. Shamba la juu, shamba la chini, nyumba ya daktari wa mifugo, kanisa. Akikuta bahasha ya kampuni ya bima ya magari, anaiweka juu ya fungu.

"Hizi nazijua hata bila kuzisoma," anasema, bila kuinua macho. "Mwaka huu zimenitoa jasho kuliko milima yote ya huku."

Bondeni hakuna anayemwita Prosser. Ni Eirlys Posta, kama ambavyo yuko Idris Bima na yuko Wyn Makaa. Ana miaka 48, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza ndani ya gari jekundu la posta, akipeleka barua, dawa za wazee na umbea usiodhuru mtu.

Kilichomkosesha usingizi ni binti yake wa pekee, Heledd, aliyetimiza miaka kumi na saba mwezi Januari. Heledd amepata nafasi ya kujifunza ufundi wa matrekta katika yadi iliyo kilomita thelathini na tano kutoka nyumbani. Kazi inaanza Jumatatu ya kwanza ya Septemba, saa moja na nusu asubuhi. Basi la kwanza linafika huko saa nne kasoro dakika ishirini.

Mwenye yadi alisema waziwazi kwamba asiyeweza kufika kwa wakati, nafasi yake itapewa mwingine. Vijana wanane waliitaka.

Kwa hiyo Heledd alihitaji leseni kabla ya Septemba, na leseni haiji bila mazoezi. Mwalimu wa udereva alitoza paundi 38 kwa saa, na mama yake aliweza kulipia saa moja kwa wiki. Mazoezi mengine ilibidi yafanyike kwenye gari la nyumbani, mama akiwa kando, na hapo ndipo bima ilipoingia.

"Nikaipigia kampuni yangu," anasimulia Eirlys. "Nikamwambia yule kijana, nataka kumuongeza binti yangu, anajifunza. Akabonyeza bonyeza, akanyamaza. Nikadhani simu imekatika. Kumbe alikuwa anaogopa kuitaja bei."

Bei ilikuwa paundi 2,300 kwa mwaka, zaidi ya mshahara wake wa mwezi mzima. Tena Heledd akikwaruza ukuta mara moja tu, punguzo ambalo mama yake amelijenga kwa miaka kumi na minne bila ajali lingeyeyuka. Baba yake Heledd yuko Kanada, na msaada wake wote ni kadi ya Krismasi.

Wakati huohuo Bibi Dilys Watkin, mjane wa miaka 84 anayeishi mwisho wa njia ya barua, alisikia habari hizo. Macho yalikuwa yamemfanya aache kuendesha, na kigari chake kidogo cha kijivu kilikuwa kimelala ghalani miaka miwili. Alimkabidhi Eirlys funguo mlangoni, akipokea dawa zake.

"Akataka paundi moja, na akataka aione kwa macho yake hayohayo mabovu," anasema Eirlys, akicheka. "Akasema, 'Heledd akipata leseni anipeleke kanisani Jumapili, na mbwa asikae kiti cha mbele.' Nilifika kwenye gari la posta nikalia. Nani siku hizi anakupa gari?"

Gari likapatikana, lakini bima ikawa ileile ya kutisha. Ndipo mwenzake mmoja wa kazini akampa ujanja ambao nusu ya wazazi wa bonde wanaujua: andika jina lako kama dereva mkuu, mtoto muweke kama msaidizi tu. Eirlys akajaza fomu kwenye simu. Bei ikashuka hadi paundi 410. Akaacha kidole juu ya kitufe cha kulipa, akaamua asubiri hadi Alhamisi.

Alhamisi ni siku ya mnada wa kondoo. Siku hiyo Idris Pugh, wakala wa bima, hufunga ofisi yake na kuketi kantini ya mnadani, meza ya dirishani, kwa kuwa wafugaji hawapandi ngazi za ofisi na viatu vyenye mavi. Anahudumia watu hapo miaka thelathini sasa, huku akila soseji.

"Nilimwendea kwa kiburi," anakiri Eirlys. "Nikamwonyesha simu. Nikamwambia, 'Idris, ona, nimewashinda watu wako.'"

Idris alivaa miwani, akasoma, kisha akauliza swali moja.

"Jumatatu asubuhi hiki kigari kitakuwa wapi?"

"Yadi ya matrekta."

"Na wewe?"

"Ninagawa barua, Idris, utakuwa umesahau?"

"Basi anayekiendesha nani, dada yangu? Mzimu?"

Meza ya pili wafugaji wawili waliacha kutafuna ili wasikie vizuri.

Idris akashusha sauti. Alimweleza kwamba huo ni udanganyifu, na kwamba kampuni ikigundua inafuta bima. Heledd akimgonga mtu, deni litamfuata Eirlys, na leseni ya Eirlys itakuwa hatarini.

"Halafu bila leseni utaendesha nini, punda?" alimuuliza. "Nani atampelekea Bibi Dilys dawa? Mimi?"

"Hapo ndipo nilipozinduka," anasema Eirlys. "Nilikuwa nataka kumtafutia mtoto kazi kwa kuichezea yangu."

Idris alichukua orodha ya kondoo wa siku ile, akaigeuza, akaandika nyuma yake kwa penseli. Kuna bima ya mwanafunzi peke yake, alimwambia, inayokatwa kwa mwezi. Inakaa kando ya bima ya mama, kwa hiyo ajali ya mtoto haigusi punguzo la mama. Heledd ajifunzie gari la nyumbani kwa bima hiyo, na kigari cha Bibi Dilys kingoje ghalani hadi afaulu. Bei: paundi 82 kwa mwezi. Kampuni ya Idris haiuzi bima ya aina hiyo, hivyo alimwandikia jina la kampuni nyingine.

"Hakupata hata senti," anasema Eirlys. "Alikaa na mimi nusu saa nzima, watu wamepanga foleni nyuma yangu wananuka kondoo, na hakupata hata senti. Mtu kama huyo unamshukuruje?"

Alimshukuru kwa vikeki vya zabibu kavu vya kikaangoni, dazeni mbili. Hadi leo kila Alhamisi humpelekea vinne, na karatasi ile ya kondoo ameibandika kwenye friji.

Mwezi Aprili mazoezi yakaanza, kila siku saa tisa alasiri, baada ya barua. Gari la Eirlys lilibandikwa herufi nyekundu ya wanafunzi mbele na nyuma. Barabara za bonde ni nyembamba, magari mawili hayapishani, na mmoja lazima arudi nyuma hadi penye upenyo. Kuna watu wamenuniana miaka kumi kwa sababu ya nani alipaswa kurudi.

Kwa Heledd, wote walirudi. Wyn Makaa alirudisha lori lake zima na magunia yake. Daktari wa mifugo alirudi, huku ng'ombe wa mtu akisubiri kuzaa.

"Tulifurahi sana," anasema Heledd, msichana mrefu mwenye grisi kwenye kucha. "Nilidhani naendesha vizuri. Kumbe miezi miwili na nusu sijarudi nyuma hata mara moja."

Mwezi Juni, kwenye mtihani, aliambiwa arudi nyuma kidogo tu. Gurudumu likapanda ukingo wa barabara, na mtihani ukaishia hapo.

Eirlys hakugomba. Asubuhi iliyofuata alitangaza katika kila nyumba, pamoja na barua: "Nawashukuru, Mungu awabariki, lakini msimrudie tena mwanangu nyuma. Mkikutana naye, kaeni palepale kama mawe." Kisha akalipa miezi miwili mingine ya bima, kwa fedha aliyoiweka kwa ajili ya mazulia.

Bonde likatii. Wyn Makaa alizima injini katikati ya barabara, akafungua gazeti. Heledd alirudi nyuma akilia, kisha akarudi akitukana kimoyomoyo, na kufikia Agosti alikuwa akirudi huku anaimba.

Mtihani wa pili ni Jumatano ijayo, saa nne na dakika kumi na nne. Hakuna nafasi nyingine kabla ya Septemba. Idris ameshaandaa bima ya kigari cha kijivu: Heledd dereva mkuu, mama yake msaidizi, kila mtu kwa jina lake la kweli, na kisanduku kidogo cha kupima mwendo ndani. Ni paundi 1,140 kwa mwaka. Heledd atalipa nusu kwa mshahara wake.

Lakini Idris amewapa onyo moja. Bima ya mwanafunzi inakufa palepale mtu anapofaulu. Dakika anayopewa cheti, Heledd haruhusiwi kuligusa tena gari la mama yake.

"Yaani nafaulu, halafu narudishwa nyumbani kama mtoto wa chekechea?" Heledd analalamika, na mama yake anacheka mpaka anafuta machozi.

Eirlys ameomba ruhusa ya siku hiyo, na posta imekubali. Barua za bonde zitachelewa, na hakuna aliyenung'unika.

"Miezi mitano nimekaa kiti cha kushoto nikikanyaga breki ambayo haipo," anasema, akifunga mlango wa gari jekundu. "Jumatano tukirudi, nikae kwenye usukani, yeye akae pembeni aangalie bonde letu. Kuanzia siku ya pili atakuwa anaangalia barabara, na mimi sitakuwemo garini."