Mfuniko wa Oili Dirishani kwa Mama Mkwe

Mimi si fundi, ila miaka ile nilijiona fundi. Gari letu kuukuu nililihudumia mwenyewe, na majirani zetu wa Tuwan, pale Kitale, walizoea kuona miguu yangu tu ikichomoza chini yake.

Wikendi moja tulilala kwa wazazi wa mke wangu, nje kidogo ya Bungoma. Jumatatu mke wangu alitakiwa aripoti shule moja ya Saboti kabla ya saa sita. Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya ualimu baada ya miaka ya kungoja, na barua ilisema wazi kwamba akichelewa nafasi atapewa mwingine. Kwa hiyo Jumatatu hiyo asubuhi na mapema nikaamua kubadilisha oili, gari lisitusumbue njiani. Baba mkwe alisimama kando na kikombe cha chai, akinisifu, nami kichwa kikavimba.

Nilikuwa nimemaliza kumimina oili mpya pale mama mkwe alipotoka jikoni na karai la mboga. Sasa, kwa watu wa mke wangu, mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hawapeani mkono, hawatazamani usoni, na wakikutana mmoja hupisha. Mimi si wa huko, na mtu aliyejifunza mila ukubwani huzidisha. Mwenyeji angesogea hatua tatu. Mimi nilitimua mbio hadi nyuma ya ghala la mahindi, nikajibanza huko mpaka aliporudi ndani. Kisha nikafunga boneti, tukaondoka.

Tukitoka langoni niliona kwenye kioo mtu anatukimbilia akipunga leso. Alikuwa mama mkwe. Nikageuza macho kwa heshima, nikakanyaga mafuta. Mke wangu, akipaka wanja, alimwona kwenye kioo chake akadhani anatuaga tu.

Hata Webuye hatujafika, moshi ukaanza kufuka. Taa nyekundu ya oili ikawaka, injini ikagonga. Nikasimama kando ya barabara na kufungua boneti. Oili ilikuwa imetapakaa kila mahali, na lile tundu la kumiminia lilikuwa wazi.

"Mfuniko uko wapi?" mke wangu akauliza.

"Dirishani, jikoni kwa mama yako. Niliuweka hapo nikimimina oili."

"Kumbe ndiyo maana alikuwa anatupungia. Si ulimwona?"

"Nilimwona. Lakini ningemtazamaje?"

Akacheka, kisha kicheko kikamwishia. "Nikikosa hii kazi, utaenda kumwelezea mama mwenyewe. Uso kwa uso."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Akapiga simu nyumbani. Baba yake akasema, "Mama yako alipanda pikipiki zamani, anawafuata na mfuniko." Nikakimbia duka la karibu kununua oili, nikarudi na gunzi la mahindi pia, ati nizibe tundu kama mtungi wa maziwa. Mke wangu alilichukua akalitupa shambani.

Saa nne na nusu pikipiki ikafika. Nikaruka mtaro, nikajificha nyuma ya ua wa miti. Nilisikia mama mkwe akifungua fundo la leso, akizunguka gari, akisimama. Hakujua mfuniko unakaa wapi.

"Mkwe," akaita. Hakuwahi kunisemesha kabla ya siku hiyo. "Toka huko. Utaniogopa kesho, rakini mtoto wangu asicherewe."

Nikatoka kichwa chini, nimejaa majani. Nikamimina oili, akanipa mfuniko mkononi, nikafunga. Naye akanyoosha mkono akaukaza tena mwenyewe, mbele yangu.

Saboti tulifika saa sita kasorobo, mke wangu akashuka mbio na viatu mkononi. Injini iliendelea kunuka oili iliyoungua kwa mwezi mzima, na mpaka leo inagonga kidogo tukipanda mlima.

Mila bado tunaishika, mimi na mama mkwe. Ila tangu siku hiyo, tukiondoka kwake, yeye hatuagi tena akiwa nyuma ya gari. Husimama mbele ya gari, katikati ya njia, mpaka nimtazame.