Siku Dorkas Alipokuja na Shida Yake

Kinampanda yote ilimjua Dorkas kuwa ndiye mama wa ushauri. Aliyekosana na mkewe, aliyefiwa na moyo ukagoma kutulia, binti aliyeogopa kuolewa, wote walielekezwa kwake, kwenye chumba kidogo nyuma ya kanisa. Wanandoa hakuwakalisha pamoja siku ya kwanza. Alimsikiliza mke peke yake, kisha mume peke yake, ndipo awakutanishe. Biblia ilikuwa mezani, ila hakuwa na haraka ya kuifungua.

"Mtu akija na kidonda, mwache kwanza akuonyeshe kilipo," alizoea kusema. "Usipoangalia, dawa utaimwaga kwenye ngozi nzima."

Maneno yakiisha ndipo aliposali nao, sala fupi, akiwataja kwa majina.

Yeye mwenyewe alikuwa mjane. Mumewe, Amosi, alifariki watoto wakiwa bado shuleni. Sasa watoto wana miji yao, naye amebaki na kuku wake. Basi mwaka ule alizeti ilipokubali, akaja Chediel, mgane wa Misigiri, mkulima wa vitunguu ambaye walifahamiana kwenye mikutano ya kwaya. Akanywa uji, akasifu kuku, akasifu paa la nyumba, halafu akasema anaomba kumwoa.

Dorkas, aliyekuwa na neno kwa kila mtu, safari hii akaomba apewe nafasi ya kufikiri. Akaenda shambani, akajikuta anapalilia mahali alipokwisha kupalilia.

Mwishowe akaenda kwa Lea na Bonifasi, vijana aliowashauri zamani walipokuwa wamenuniana hata chumvi wakiombana kupitia kwa jirani.

"Shikamoo, mama," Lea akampokea.

"Marahaba, mwanangu. Leo sikuja kuwatazama. Nimekuja na shida yangu."

Alipokwisha kueleza, Lea na mumewe wakatazamana.

"Tutafanya kama ulivyotufanyia sisi," Lea akasema. "Bonifasi, kamlete Mzee Chediel, lakini zungumza naye huko nje kwanza. Mama, wewe njoo jikoni."

Wakakaa wanachambua mlenda.

"Unaogopa nini, mama?"

"Watu watasema, mzee mzima…"

"Hao watu hawamo humu jikoni. Wewe unaogopa nini?"

Swali lilikuwa la Dorkas mwenyewe, alilowauliza wengi kanisani, na hakujua kwamba lina uzito namna ile. "Naogopa siku nitakayocheka na Chediel," akasema taratibu, "nikaja kugundua kwamba kutwa nzima sikumkumbuka Amosi."

Akalia. Lea hakumnyamazisha. Alimpa maji, akasubiri mpaka alipojifuta kwa khanga.

"Marehemu Amosi alipenda ulie?"

"Amosi? Huyo alikuwa ananichekesha hata ibadani, mpaka mzee wa kanisa anatukodolea macho." Akaanza kucheka mwenyewe, na kifua kikawa chepesi.

Wanaume walipoingia, kuku alikuwa ameiva. Bonifasi akamgusa Chediel bega. "Mzee, mwambie ulichoniambia zizini."

Chediel akakohoa. "Naogopa utaalamu wako, Dorkas. Nikikaa kimya utaniuliza kimya hicho kimeanzia wapi. Mimi wakati mwingine nakaa kimya kwa sababu nimeshiba."

Jiko zima likacheka, na Dorkas zaidi ya wote.

"Kazi yangu nitaiacha kanisani," akasema. "Nyumbani ukinyamaza, nitakuongezea mboga."

"Hilo ndilo jibu?"

"Ndilo. Nimekubali."

Bonifasi akaomba yeye ndiye aongoze sala. Alishukuru kwa moyo wote, akapita kwa ng'ombe na mvua, mpaka ugali ukapoa.

Walifunga ndoa baada ya mavuno, na kwaya za vijiji viwili zikashindana hadi jua likazama. Haukupita muda, wakagombana. Chediel alikuwa amejaza sebule magunia ya vitunguu, mgeni hana pa kuweka mguu. Dorkas akasema kwa sauti, mume naye akajibu kwa sauti, mpaka jirani Yunisi akachungulia uani. Hakuna aliyemuuliza mwenzake anajisikiaje moyoni. Magunia yakahamia stoo, wakala wakalala.

Kesho yake Dorkas alikwenda kwa Lea kumsimulia ugomvi huo, kuanzia neno la kwanza, akiigiza na sauti ya Chediel, na uso wake uking'aa kama wa bibi harusi.