Mke wa Askari Aliyesema

Mume wangu alikuwa konstebo katika kituo kidogo upande wa Siakago. Tuliishi kwenye laini ya polisi, nyumba za mabati zilizobanana hata kikohozi cha jirani unakijua. Jirani yangu wa karibu alikuwa mke wa koplo. Nilipojifungua, ndiye aliyenipikia uji na kuniogeshea mtoto.

Siku moja ya soko, koplo huyo alileta kituoni mama muuza muguka, yale majani ya kutafuna, aliyejibizana naye barabarani. Akampiga rungu mbele ya wenzake mpaka mkono ukavunjika. Askari wakakubaliana kusema kwamba mama huyo aliruka kutoka kwenye gari la polisi akitoroka. Wachunguzi walipokuja kutoka Nairobi, kila askari aliapa hivyo. Mume wangu peke yake akasema alichokiona.

Kesho yake nilikuta kamba yangu ya kuanikia imekatwa, nguo zote matopeni. Nilipofika mferejini kuteka maji wanawake wakanyamaza. Mke wa koplo akanifuata mlangoni.

"Mama, mwambie mzee wako arudi aseme hakuona vizuri."

"Na yule aliyevunjwa mkono?"

"Huyo ni nani kwako? Ukiugua, ni yeye atakupeleka hospitali?"

Nikaingia ndani. Aliyenipeleka hospitali kujifungua alikuwa yeye huyo mke wa koplo.

Mume wangu hakubadilisha maneno. Basi wenzake wakamwacha aende doria peke yake. Akiita kwenye redio, hakuna anayeitika. Baadaye akahamishiwa kaskazini, mbali kabisa, nami nikarudi kwao Kanyakine na watoto, kumsaidia mama mkwe kuchuma majani chai. Kesi ikafa. Tuliambiwa shahidi mmoja hatoshi. Koplo akapandishwa cheo, sasa ni sajini.

Nilipoenda Siakago kuchukua vyombo vyetu vilivyobaki, nilimwona yule mama sokoni, akifunga vifurushi vya muguka kwa mkono mmoja na meno. Nikamsalimu. Nilitaka kumwambia kwamba mume wangu ndiye yule askari aliyesema ukweli. Lakini alinitambua kuwa mke wa polisi, akageuza uso, akaendelea kufunga. Kwake sisi sote ni wale wale, na sijui ningemlaumu kwa lipi.

Mume wangu huja nyumbani akipata likizo. Zamani alikuwa akinisimulia kazi yake yote, hata ya kuchekesha. Majuzi nilimuuliza kama na huko aliko watu wanapigwa. Alijimiminia chai, akasema mvua ya mwaka huu imekawia.