Tableti Iliyozimika Juu ya Nkungu

Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini alasiri. Nakumbuka vizuri, mwanangu, kwa kuwa saa ya dashibodi ilikuwa mbele ya macho yangu pale tableti ya Désiré ilipozimika. Tulikuwa ndani ya wingu zito la masika, tunashuka kuelekea uwanja wa Kamembe, na chini yetu, tusikokuona, kulikuwa na vilima vya Nkungu.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana mambo haya hayakuanzia mawinguni. Yalianzia moyoni mwangu, majuma kadhaa kabla, kwenye ardhi kavu.

Ndege yetu ilikuwa ndogo, ya injini moja, ya abiria wachache na mizigo yao. Rubani wake alikuwa Mzee Silvani, mzaliwa wa Gashonga aliyekulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, na kurudi nyumbani akiwa na mvi. Kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, kilikuwa hakina mwenyewe, na sisi vijana wawili wenye leseni mpya tulikigombea: mimi na Désiré. Tulikaa kwa zamu, leo mmoja, kesho mwingine. Mzee alikuwa ametuambia kwamba kabla ya mvua kuisha atamchagua mmoja. Mwingine angerudi kwenye kazi ya kujaza ndege mafuta kutoka mapipani, angoje.

Mimi nilijiona nina silaha. Dashibodi ya ndege ile ilikuwa na skrini iliyoweza kuonyesha ramani ya kutua. Kwa asiyeijua, hiyo ndiyo ramani inayomwambia rubani aliye ndani ya wingu ashuke hadi kimo gani na wapi, vilima viko upande gani, na ni kimo kipi ambacho, asipouona uwanja, lazima apande tena bila ubishi. Kuifikia ramani hiyo kwenye skrini kulihitaji kubonyeza na kuzungusha vifundo kwa mpangilio usiosamehe. Hakuna aliyenifundisha. Nilikaa na kitabu cha maelekezo, cha Kiingereza, na kamusi kando yake, jioni baada ya jioni nyumbani kwetu Nkanka, hadi vidole vyangu vikaijua njia. Nikasema moyoni: kiti ni changu.

Ndipo mjomba wake Désiré, aliyeko Ulaya, akamtumia tableti.

Mwanangu, sijawahi kukichukia kitu kisicho na roho kama nilivyoichukia tableti ile. Désiré aliipangusa kwa kitambaa laini kama mtu anayempangusa mtoto uso. Ramani ilitokea kwa mguso mmoja. Akitaka kusoma namba ndogo, aliipanua kwa vidole viwili. Ramani mpya aliipakua nyumbani kwao kwa bando la simu, wakati zile za dashibodi patron, mwenye ndege, alizilipia pesa nyingi, tena kwa kunung'unika.

"Leta ile yako, Désiré," Mzee Silvani alizoea kusema. "Hii ya dashibodi iko kidogo kama stempu, na macho yangu imezeeka."

Nami niliyesugua kamusi nikageuza uso nisiione. Vijana wa kantini ya uwanjani walimzunguka Désiré ili waone. Hakuna aliyewahi kunizunguka mimi na vifundo vyangu. Wahenga walisema hasidi hana sababu. Mimi nilidhani ninayo, na hapo ndipo nilipodanganyika zaidi. Nilikuwa naota tableti inamponyoka na kuzama ziwani, na asubuhi naamka nina furaha, mpaka nimwone anashuka kwenye pikipiki, begi kifuani, kitu chake kizima ndani.

Siku ile zamu ya kiti ilikuwa yake. Mimi nilikaa kiti cha kwanza nyuma yao, na kwa kuwa ndege ile haina mlango kati ya marubani na abiria, niliona kila kitu. Tulipaa kutoka Kigali, tukatokea juu ya mawingu, jua la alasiri likawa mbele yetu upande wa kulia. Désiré alikuwa ameibandika tableti kwenye kioo cha dirisha lake, ndani ya ganda jeusi, na waya wa chaji umechomekwa. Jua likaipiga mgongoni njia nzima.

Nilijua kitakachotokea. Nilikuwa nimesoma kwamba vifaa hivi vikipata jua na chaji kwa pamoja hujizima vyenyewe ili visiungue. Nilimwona Désiré anaigusa na kuurudisha mkono haraka. Niliona mwanga wa tableti umefifia, nayo ni dalili ya kwanza. Ilitosha niinamie bega lake na kusema: itoe juani, na ufungue ya dashibodi iwe akiba. Nikayameza maneno hayo. Nikajiambia, acha aaibike mbele ya mzee, leo tutajuana.

Wivu una kazi moja unayoifanya vizuri sana: ulinisahaulisha kwamba na mimi nilikuwa ndani ya ndege ileile.

Wingu likatumeza. Tukaanza kushuka. Kioo cha tableti kikawa cheusi, na katikati yake alama ndogo ya kipimajoto.

"Mzee, imezimika," Désiré akasema.

"Nilijua," nikasema mimi.

Lilinitoka kabla sijalizuia, tena kwa sauti ya mtu aliyeshinda kamari. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nikajirusha mbele ili nibonyeze vifundo vya skrini, mimi na elimu yangu yote, lakini Mzee Silvani akanisukuma kwa kiwiko.

"Kaa. Funga mukanda. Hatuwezi kutafuta njia na tunashuka."

Akaongeza nguvu ya injini, akainua pua ya ndege, akauambia mnara wa kuongozea ndege kwamba anaghairi kutua. Tukapanda. Nje hakukuwa na kitu ila weupe, na maman mmoja nyuma yangu alikuwa akisali kwa Kimashi, lugha ya upande wa Bukavu, kwanza taratibu, kisha bila aibu. Tulipotoka tena juani tukaona mawingu ya radi yamesimama juu ya ziwa, jirani na uwanja. Mzee hakujaribu mara ya pili. Akageuza, tukarudi Kigali.

Wa kwanza kushuka alikuwa Maman Furaha, mfanyabiashara wa vitenge anayevuka mpaka kila juma. Akatazama huku na huku.

"Papa Kapteni, mimi nililipa kwenda Kamembe. Sasa hii Kigali inanifuata nyuma sababu gani? Ilinipenda?"

Watu wakacheka. Désiré akasimama mbele yao, kofia mkononi.

"Bamaman, bapapa, munisamehe. Kosa ni yangu. Niliacha ramani ku jua kali."

Hakuna aliyemtuma. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ndege, najifanya nakagua tairi, na Mzee Silvani akanikuta hapo. Hakupaza sauti, laiti angepaza.

"Ulisema ulijua. Ulijua tangu wapi?"

"Tangu juu ya mawingu, mzee."

"Na ukanyamaza."

"Ndiyo, mzee."

"Sasa niambie, kijana. Kama tungegonga kilima, wewe ulikuwa na ndege yako ya pembeni?"

Akanyoosha kidole upande alikokuwa Désiré.

"Désiré hakujua. Muntu asiyejua, minamufundisha. Wewe unajua na unafunga kinywa, nitakufundisha nini? Wivu iko kama maji mu mafuta ya ndege. Mu pipa hauioni. Utaiona kule juu, wakati injini inakohoa."

Kiti akampa Désiré. Mimi nikarudi kwenye mapipa, na juu ya hayo akanipa adhabu ambayo hadi leo sijaona yenye busara kuishinda: kila asubuhi kabla ya injini kuwashwa, nimfundishe Désiré vifundo vya skrini ya dashibodi, kimoja kimoja, hadi avijue kama mimi. Yaani nimpe kwa mkono wangu kitu pekee nilichokuwa nacho na yeye hana.

Asubuhi za kwanza nilifundisha meno yakiwa yameumana. "We, unafundisha kama muntu anang'olewa jino," Désiré alinicheka. Lakini huwezi kumfundisha mtu kwa makini na wakati huohuo kumtakia aanguke. Nilijaribu, nikashindwa. Naye baadaye akaanza kuniachia tableti niende nayo Nkanka. Nikagundua ni chombo kizuri, na kwamba nilikuwa nikikitukana kwa sababu tu hakikuwa changu.

Siku hizi vijana huniuliza, kati ya viwili hivi kipi bora? Nawajibu hivi. Skrini ya dashibodi imefungwa kwa skrubu, inakula umeme wa ndege yenyewe na haianguki chini ya kanyagio. Lakini ni ndogo, ni ghali, na vifundo vyake vinataka mazoezi. Tableti ni angavu na nafuu. Lakini inaogopa jua, betri yake ina mwisho, na ndege ikitikiswa inaweza kukuponyoka. Basi fungua ramani ileile kwenye zote mbili kabla ya kuanza kushuka, na tableti uiweke kivulini. Kimoja kikifa, kingine kiwe tayari kiko mbele ya macho, siyo kinatafutwa. Hilo ni la kazi.

La moyo ni hili. Mwenzako akipata kilicho kizuri kuliko chako, na roho ikakuuma, usijidanganye kwamba haiumi. Iache iume, ila usiipe ulimi wako iuongoze. Ukiiona hatari iliyo mbele yake, sema palepale, hata kama kusema huko ndiko kutakakompa yeye kiti. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Na angani, mwanangu, wote mmo katika kisima kimoja.

Mungu akupe macho ya kuona na kinywa kinachosema kwa wakati. Akujalie mwenzako wa kiti cha pili asiyefurahia kuanguka kwako, na wewe uwe hivyo kwake. Na kama somo hili ni lazima ulilipie, basi akupunguzie bei. Maana siku ile, kwa mafuta ya kwenda na kurudi, ada za uwanja na nauli tulizowarudishia abiria, hasara aliyoibeba patron ilikuwa faranga milioni moja, laki moja na elfu arobaini.