Gemu ya Kucheza na Tata

Mimi ni fundi wa simu mjini Keroka. Watu wakiniuliza ni gemu gani ya bure ya mtandaoni iliyo nzuri, huwa nawauliza kwanza: unataka kucheza na nani? Hawalipendi swali hilo. Wanataka niwatajie jina moja, wapakue, waende zao. Lakini mimi nilitumia karibu miezi minne kutafuta gemu moja tu, na kama ningejiuliza hivyo mwanzoni, nisingehangaika vile.

Nilikuwa namtafutia baba yangu, ambaye kwa lugha yetu tunamwita Tata. Aliendesha lori la majani chai kwa miaka mingi, mtu wa sauti kubwa, mpaka sukari ikamshika na hospitali ikamkata kidole kimoja cha mguu wa kulia. Daktari alisema wazi, mimi nikiwa pale: kidonda hicho kitazamwe kila siku, na kikianza kubadilika rangi au kunuka, mgonjwa aletwe siku hiyo hiyo, la sivyo mguu utakwenda wote. Muuguzi naye akaongeza kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Sasa nani angekitazama? Mama alishatutoka. Kaka yangu anafanya kazi Nairobi. Nyumbani, upande wa Manga, Tata anaishi na wifi yangu, mke wa huyo kaka, na kwetu mke wa mwana hampi baba mkwe hata mkono wa salamu, sembuse kumvua soksi. Mimi binti yake wa kumzaa nina nafuu kidogo, lakini si kubwa. Tuna kitu tunachokiita chinsoni. Ni haya na ni heshima kwa pamoja. Na babu yako mnaweza kutaniana mpaka machozi yawatoke. Na baba yako, ukishakuwa mtu mzima, unamsalimu, unamwekea chakula, unatoka. Hamtaniani, na mambo ya mwili hayatajwi. Nilijaribu mara moja kumwomba nikitazame kile kidonda. Alivuta blanketi, akaniuliza kama mvua imenyesha Keroka.

Kwa hiyo akawa anakisafisha mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa. Siku za kazi mimi nalala Keroka, narudi nyumbani Ijumaa kabla ya jua kuzama kwa sababu sisi ni Wasabato. Nikimpigia simu alisema yuko sawa, kisha akakata. Niliogopa. Nasema bila mafumbo: niliogopa ule mguu utaoza ndani ya soksi huku sisi sote tumeshikilia adabu zetu.

Wazo la gemu nililipata kwa mteja, mama mmoja muuza mitumba aliyeniletea simu yenye kioo kilichopasuka. Mwanawe yuko Uarabuni. Simu hupokea kwa nadra, lakini kila siku wanacheza wote gemu moja ya mapanga na farasi, zile ambazo kila mchezaji ana mtu wake anayemkuza ngazi kwa ngazi, akisafiri na kupigana pamoja na watu kutoka kila pembe ya dunia. "Kwa simu ananiambia hali ya hewa," alisema yule mama. "Huko kwa gemu ndiko aliniambia amefukuzwa kazi." Siku hiyo nilifunga duka mapema.

Tata nilimdanganya, sioni aibu kukiri. Nilimwambia wateja wananiuliza kuhusu gemu hizi na ninahitaji mtu mwenye nafasi wa kunijaribia. Kazi hakuwahi kuikataa maishani mwake. Akasema sawa, lete.

Ya kwanza niliichagua kwa uzuri. Milima yake ilikuwa na ukungu, maji yaling'aa, nyasi zilitikisika. Fundi mzima, nikasahau kwamba simu ya Tata ni ndogo. Gemu ilipakuliwa nusu siku, ikameza bando lote la wiki, kisha simu ikamwambia hakuna nafasi tena, afute kitu. Akaifuta gemu, akabaki na picha za ng'ombe wake.

Ya pili nusura initoe roho. Ilikuwa nyepesi, imesifiwa na kila mtu, nami nikaona nimpelekee mwenyewe. Jumapili mchana nikaketi naye kwenye benchi mbele ya nyumba, simu ikiwa katikati yetu, nikafungua. Gemu ikasema chagua mtu wako. Akatokea mwanamke mwenye upinde, amevaa vitambaa viwili na mkanda, basi. Nikabonyeza pa kurudi, ikagoma. Nikabonyeza pa kwenda mbele, akaja mwingine, na huyu alikuwa ametupa mgongo. Tata aliinuka na mguu wake mbovu, akaenda kumwangalia ng'ombe ambaye hakuwa na shida yoyote. Nilijikasirikia, na hata leo hasira zinanipanda nikikumbuka. Sabato mbili zikapita hajanisemesha zaidi ya salamu.

Wifi yangu alikuwa ameona yote kutoka mlango wa jikoni. Alicheka mpaka akaketi chini.

"Mchagua nazi hupata koroma," akaniambia.

"Huku Manga nazi unaziona wapi?"

"Ndiyo maana hujui kuchagua."

Kuanzia hapo kila gemu niliifungua kwanza kwenye simu yangu, peke yangu, nikakagua mavazi kama mama mkwe anayekagua bibi harusi. Ndivyo nilivyoipata ya tatu, yenye watu waliovaa majoho mpaka kwenye visigino. Tata akaicheza wiki mbili kule nyumbani nami nikiwa dukani, akapanda ngazi, akaanza kuizoea. Kisha siku moja mchezaji asiyejua hata kutembea vizuri akamkata kwa upanga wa dhahabu, pigo moja, akafa. Tukachunguza, kumbe ule upanga unauzwa kwa pesa halisi. Kuingia ni bure, kubaki hai ndiko kunakolipiwa. Tata aliniandikia ujumbe mfupi: "Huyu hakupigana. Alinunua." Akaiacha siku hiyo, na sikumlaumu.

Ya nne ilikuwa na kila kitu. Watu wamevaa, haiuzi mapanga, mtandao wetu hafifu inauvumilia. Tukajiunga na kikosi cha watu wasiopungua thelathini, maana majitu makubwa ya gemu ile hayauawi na watu wawili. Ndipo tukagundua kwamba vita vikubwa vya kila wiki vinapiganwa Jumamosi mchana kwa saa zetu. Nilikuwa nimekagua uzito, mtandao, mavazi na bei, Msabato niliyezaliwa kanisani, nisikague siku. Tata, ambaye ni mzee wa kanisa, alimwandikia kiongozi wa kikosi barua ndefu ya heshima kumweleza habari ya Sabato. Mtu yule, Mungu anajua yuko bara gani, akajibu kwamba asiyetokea mara mbili anatolewa. Tukatolewa wote wawili.

Nilitaka kuacha. Nilimwambia wifi kwamba nimechoka, na kwamba mtu mwenye akili angemvua Tata soksi kwa nguvu akamaliza. Akaniambia basi nenda kamvue. Sikwenda.

Ya tano niliipata kwa sababu ya ubaya wake. Mteja mmoja aliniomba niifute kwenye simu aliyonunua, akisema inatia aibu. Watu wake ni vijisanduku vyenye miguu, wamefunikwa kuanzia kichwani kama watu wa Keroka asubuhi ya baridi ya Julai. Ni nyepesi, na mtandao ukikatika inakungoja. Kinachouzwa ni kofia za mapambo tu. Haina siku ya vita, anayekuja anakuja. Na usipotaka kupigana hulazimishwi: unaweza kulima, kupika, au kubeba mizigo ya wachezaji wengine kutoka mji hadi mji kwa mkokoteni wa ng'ombe, kwenye barabara yenye majambazi. Nilipofika hapo pa mizigo, nilijua nimepata.

Tata akawa mchukuzi. Mimi nikawa mpishi, kwa kuwa chakula cha mpishi ndicho kinachowarudishia nguvu waliojeruhiwa. Tulikutana huko karibu kila siku kuanzia saa nane mchana, dukani kukiwa kumetulia.

Jambo ambalo sikulitazamia ni lugha. Nyumbani tunasema Ekegusii, na ndani ya Ekegusii kila neno linajua ni nani baba na ni nani mtoto. Kwenye gemu, kwa sababu kulikuwa na Watanzania wawili watatu njiani, Tata aliandika Kiswahili. Kile ndicho Kiswahili chake cha barabarani, alichokula nacho na kulala nacho kwenye lori pamoja na matanboi, wale wasaidizi wa lori, wa kila kabila. Aliniita Mpishi. Jina lake nisingeweza kulitamka, kwa hiyo nikamwita Dereva.

Siku ya tatu akaandika: "Mpishi, uji wako umeungua tena."

Baba yangu hakuwahi kunitania maishani. Niliweka chini kifaa cha kuchomea nyaya, nikasoma mara ya pili. Kisha nikaandika: "Dereva, ng'ombe wawili wamekushinda, lori uliliendeshaje?"

Akajibu: "Lori halikuwa na mkia."

Nikacheka peke yangu mpaka mteja akauliza kama nimeshinda bahati nasibu. Basi tukaendelea hivyo. Alinisimulia kwa maandishi mambo ambayo sikuwahi kuyasikia: jinsi lori lilivyomfia mlimani na majani yakachacha, jinsi alivyomwona mama yangu mara ya kwanza akiwa na kikapu cha chai mgongoni, akakosea gia. Ijumaa nikifika nyumbani ananisalimu, "Bwairire," naitikia, wifi analeta ugali wetu wa obokima na mboga ya chinsaga, tunaimba, tunaomba. Kuhusu gemu, kimya. Siku moja wifi alijisahau akauliza mkokoteni umefika wapi, Tata akachukua kitabu cha nyimbo akaanza kutafuta ukurasa. Hatukuwahi kukubaliana kwa maneno, lakini sote tulielewa kwamba Dereva na Mpishi hawaishi katika nyumba ile.

Na kidonda je? Nilijaribu mara moja. Niliandika: "Dereva, miguu yako iko salama?" Akageuza mkokoteni akaondoka, na siku mbili hakuonekana. Sikurudia. Nilimtazama tu kila Sabato akitembea kwenda kanisani, nikihesabu jinsi anavyokanyaga, na niliona anazidi kuegemea fimbo. Nikimuuliza kwa Ekegusii, yuko sawa. Nilikuwa nimepata baba wa kucheka naye, na lile nililoanzia safari sijalipata. Lilinikera, na liliniuma.

Kisha Jumanne moja Dereva akasimamisha mkokoteni katikati ya daraja. Majambazi wakatokea, hakusogea. Nikawafukuza kadiri mpishi anavyoweza, nikampa chakula, hakula. Nikaona maneno yanaanza kuingia, moja moja.

"Mpishi. Kuna mzee mmoja huko Manga ninamfahamu."

Nikangoja.

"Mguu wake umekuwa mweusi. Unanuka. Anashindwa kumwambia binti yake."

Halafu: "Usiseme ni mimi nimekwambia."

Nikaandika: "Sawa, Dereva. Sitasema."

Niliacha simu ya mteja wazi mezani, skrubu zimetawanyika, nikafunga duka, nikakodi gari. Sikumbuki njia. Nilimkuta Tata ameketi kitandani amevaa koti, kofia kichwani, amejiandaa. Nikamwambia kwa Ekegusii kwamba gari liko nje, twende hospitali.

"Nani amekuambia?" akauliza.

"Hakuna mtu, Tata."

Akaitikia kwa kichwa, akaninyooshea mkono nimwinue.

Hospitalini walikata vidole viwili vingine na kipande cha nyama pembeni. Daktari alisema wiki moja zaidi tusingekuwa tunazungumzia vidole. Siku ya tatu niliketi kando ya kitanda chake, kiti kimegusa godoro, yeye anatazama dari na mimi natazama dirisha. Alichukua simu yake kwenye kimeza, akavaa miwani, akaanza kubonyeza polepole. Simu yangu ikatikisika mfukoni.

"Mpishi, yule mzee wamemwachia mguu. Anataka kumshukuru binti yake lakini hajui aanzie wapi."

Sikuinua macho. Machozi yalianguka kwenye kioo, nikayafuta kwa gauni, nikaandika: "Mwambie binti amesikia."

Nikamsikia akivuta pumzi. Nikairudisha simu mfukoni, nikamuuliza kwa Ekegusii, kwa heshima zote, kama angependa chai.