Leseni ya Baba na Watu wa Shimoni

Nakumbuka Jumapili moja ya baridi, mwanangu, enzi za ujana wangu, nilipokwenda mtaa wa Shard End kwa shangazi yangu Bi Mwajuma nikiwa na furaha ya mtu aliyeshamaliza mambo yake. Alhamisi iliyokuwa inakuja nilikuwa naapishwa kuwa raia wa Uingereza. Suti nilishanunua, tena siyo ya mtumba.

Niseme kwanza mimi ni nani, usije ukadhani unasoma maneno ya profesa. Shule niliishia darasa la saba, kwetu Chunya, Tanzania. Hapa Birmingham nilianza kwa kubeba matairi kwenye karakana ya mzee mmoja wa Kipakistani, Small Heath. Leo karakana ile ni yangu, na wenye digrii zao wananiamkia. Sijisifu. Au tuseme najisifu kidogo, kwani kazi nilifanya mimi.

Basi, baba yetu alikuwa amefariki, akatuachia leseni yake ya kuchimba dhahabu huko Chunya: kieneo kidogo, shimo moja refu, na wachimbaji walioshuka humo kila siku. Dalali mmoja alikuwa hanipi usingizi kwa simu, anataka tumuuzie. Mdogo wangu Idrisa, mhasibu, raia wa hapa tangu zamani, alishaanza kuchagua mtaa wa kununua nyumba.

"Kaka, tuuze," aliniambia kwenye basi. "Shimo la Chunya mimi nitalifanyia nini?"

Nikaona kijana kasema kweli.

Shangazi alitupa chai, akatusikiliza mpaka mwisho. Tukamweleza kwamba msimamizi wa mirathi ni mimi, kwamba kwa sheria ya kwetu leseni ndogo kama ile hushikwa na Mtanzania tu, na kwamba ukila kiapo cha nchi nyingine, Utanzania wako umekwisha. Idrisa alishatoka. Alhamisi ningetoka mimi. Ndiyo maana tulikuwa na haraka.

"Na watu wa shimoni?" akauliza.

Idrisa akasema hao ni vibarua tu, watapata kazi kwingine. Shangazi akaweka kikombe chini. Yeye alikulia machimboni, mwanangu, alipika uji wa wachimbaji kabla sisi hatujazaliwa. Alijua vizuri desturi ambayo sisi tuliiacha uwanja wa ndege: mchimbaji wa kule halipwi mshahara. Mwenye leseni anatoa unga, maharage na kamba. Mchimbaji anatoa mgongo. Mwamba wenye dhahabu ukifikiwa, mawe yanagawanywa kwenye viroba, kila mtu na fungu lake. Na mwamba walikuwa hawajaufikia. Walikuwa wamechimba miaka kwa chakula tu, wakimwamini baba, na mnunuzi mpya hakuwa na ahadi yoyote nao.

"Idrisa, baba," alisema, "digrii unayo, lakini hapo umesema upuuzi. Mnauza migongo ya watu halafu mnasema mmeuza shimo." Akanigeukia mimi. "Na wewe, bwana suti. Mla cha mwenzie na chake huliwa. Usidhani Birmingham ni mbali."

Nikajaribu mzaha, nikamuuliza kama anataka nikashike sururu.

"Sururu ya nini? Nataka uwe mtoto wa kaka yangu."

Sikwenda kuapa. Kinyozi mmoja wa mtaa wa Newtown alitangaza kwa wateja wake kwamba nimekataa pepo kwa ajili ya shimo. Wakacheka, nikacheka nao, nikalipa, nikaondoka. Leseni nikaiweka kwa jina langu, na pesa ya unga nikawa naituma kutoka kwenye matairi, hata miezi ambayo mwenyewe nilishindia mkate mkavu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama mpaka kiuno kikalia. Siku mwamba ulipofikiwa, viroba viligawanywa mbele ya watu wote. Mzee mmoja wa shimoni alinipigia simu, akawa analia tu. Nani mwingine mtaa huu amewahi kupigiwa simu kama ile? Sisi warithi tukagawana fungu letu kwa sheria ya dini yetu, na Idrisa nyumba yake akanunua.

Mpaka leo nikitua uwanja wa ndege wa hapa naingia foleni ya wageni na pasi yangu ya Tanzania, huku Idrisa akipita upande wa wenyeji na kunipungia mkono kwa kejeli. Nasimama kifua mbele.

Sasa wewe, mwanangu, uliyerithi kitu ng'ambo, iwe leseni, shamba au kibanda cha duka, sikukatazi kuuza. Kuna urithi ambao heri yake ni kuuzwa. Wala sikukatazi uraia wa hapa. Kila mtu na safari yake. Ninachokuambia ni kwamba kabla hujatia sahihi, uliza ni nani yumo ndani ya kitu hicho. Wapigie, waite kwa majina yao. Mwenye fungu lake apewe kwanza. Kitakachobaki ndicho alichokuachia baba yako. Kiuze au kishike, hakuna atakayekunyooshea kidole.

Mungu akujalie mali isiyo na kilio cha mtu ndani yake, na akufikishe umri wa kujisifu kama mimi, tena kwa haki. Amina.