Beki Hampi Mtu Mgongo

Kocha wetu alikuwa Mromania, beki mstaafu. Alicheza kwao miaka mingi, akaja kumalizia soka lake huku China, Guangzhou, goti likagoma, akaoa hapahapa na kubaki. Jumapili alitufundisha bure sisi Watanzania wa mtaa wa Xiaobei, wafunga mizigo na wanunuzi wa vitambaa, vitambi mbele. Alichotaka ni tusifungwe ovyo tu. Na tulifungwa ovyo kila wiki.

Mabeki wote tulikuwa na ugonjwa mmoja, tuliouambukizwa Zhongda, soko la vitambaa. Kule muuzaji akikataa bei yako unampa mgongo na kuondoka, na kabla hujafika mlangoni utasikia, "Laoban! Laoban!" Anakuita bosi, bei imeshuka. Mazoea hayo yalishatuingia mwilini. Mshambuliaji akikanyaga mpira na kusimama, sisi tunageuka kama tumesusa, naye anapita zake.

"Unakwenda wapi?" kocha aliniuliza siku moja, kwa Kiswahili alichookota kwetu. "Huku hakuna laoban. Hakuna mtu atakuita."

Akasimama mbele yangu na mguu wake mbovu, akaniambia nimpite. Nilijaribu kulia, nikajaribu kushoto, nikajaribu kwa ubabe. Mzee alikuwa anahema kama pampu ya baiskeli, lakini macho yake hayakuuacha mpira, na sikupita. Nilijiuliza hao aliowakaba enzi zake walikuwa wanarudi nyumbani na hali gani.

Mwenyekiti wetu, mwenye ofisi ya kusafirisha makontena, hakuyaona hayo. Alitangaza mbele ya timu nzima kwamba timu ya Wakongo wa hapa mjini wakitufunga tena, mzee apumzike, tutafute kijana wa chuo. Kocha alikuwepo. Aliendelea kupanga koni zake. Iliniuma sana. Huyu mtu maisha yake yote amezuia magoli, na magazeti yaliandika wafungaji.

Siku ya mechi na Wakongo nilicheza namba nne, katikati ya ulinzi. Tulikuwa mbele kwa bao moja, mechi inakaribia kwisha, nikabaki mimi peke yangu mbele ya straika wao. Ni muuza jeans wa barabara ya Guangyuan Xilu, ana mbio na ana mdomo. Akakanyaga mpira.

"Allez, grand, rudia kwako!" akacheka, akiniita mkubwa kwa Kifaransa chao, akajifanya anaondoka.

Mwili wangu wote ulitaka kumpa mgongo. Nikabana meno, nikaukodolea mpira macho. Uvumilivu ukamshinda yeye. Alipousukuma, mguu wangu ulishafika, na mpira nikaupeleka nje, mbali kabisa.

Filimbi ilipolia mwenyekiti aliingia uwanjani akirukaruka, akamkumbatia kocha na kumwambia kila mtu kwamba huyu mzee haondoki, huyu ni wetu. Ungedhani ndiye aliyemgundua.

Yule straika alikuja kumpa kocha mkono.

"Papa," alimuuliza, "wakati yako ulikuwa unacheza namba gani?"

Kocha hakutaja klabu wala ligi. Alinishika bega, akanivuta karibu.

"Namba ya huyu," alisema, kwa sauti ya mtu anayetaka uwanja mzima usikie.

Nililia palepale, mbele ya Wakongo wote, na wala sikufuta machozi.